Mama Faili na Mfumo Mpya

"Wameiba kitufe cha kufungia!" Mhasibu alipiga kelele mpaka chai ikamwagika. "Ijumaa kilikuwa kulia!"

"Sasa kiko kushoto," mkufunzi alisema kwa mara ya tisa asubuhi ile. "Hakijaibiwa. Kimehama tu."

Kompyuta zote za ofisi zilikuwa zimewekewa mfumo mpya mwishoni mwa wiki, bila hodi. Jumatatu wafanyakazi walikuta skrini ngeni, folda zao hazionekani, na tangazo mlangoni lenye sahihi ya mkurugenzi. Ijumaa kutakuwa na mtihani wa mfumo huo: maswali arobaini, jibu ni kweli au si kweli. Ukipata ishirini na tano, umepita. Ukipata kuanzia kumi, utarudia mpaka upite. Chini ya kumi, siku hiyohiyo unashushwa chumba cha nyaraka, na huko hutoki. "Hata awe nani," mkurugenzi aliongeza kwa kalamu nyekundu, maana alizipenda sana kalamu nyekundu.

Chumba cha nyaraka kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha wala simu. Kulikuwa na makabati, vumbi, na mtunza nyaraka, mwanamume mpole wa makamo ambaye wenzake walimsahau hata kwenye picha ya pamoja. Mahali pale walipaita kaburini.

Basi macho yote yakamgeukia Mama Faili, katibu muhtasi. Miaka kumi na tisa alikuwa amekaa nje ya mlango wa mkurugenzi. Ndiye aliyemwandikia hotuba, aliyemtafutia miwani iliyokuwa kichwani pake mwenyewe, na aliyemwambia mkewe kwenye simu kwamba mzee yuko kikaoni. Jina lenyewe alilipata kwa bidii: faili likihitajika hakumtuma mtu, alishuka kulifuata mwenyewe, na hakupanda mpaka alipate. Mkurugenzi alimsifu mbele ya wageni. "Huyu hatoki hapa mpaka nitoke mimi," alisema, na Mama Faili akainamisha kichwa kama kawaida yake.

Lakini mfumo mpya haukujua heshima. Jumatatu ile alibofya mara mbili mahali pa mara moja, yakafunguka madirisha sita. Alitafuta barua ya mkurugenzi akaipata kwenye kapu la taka, ambako pengine ndiko ilikostahili.

"Pole, dada yangu," mhasibu alimwambia, kwa sauti ya mtu aliyefarijika kwamba kuna atakayemtangulia.

Mama Faili alinunua daftari. Kila jioni alimkalisha bintiye, aliyeuzoea mfumo ule chuoni, akamhoji mpaka chakula kikapoa. Aliandika kila kitu kwa mwandiko wake wa kikatibu. Usichokiona hakijapotea, kitafute kwa jina. "Ripoti" yenye herufi kubwa na "ripoti" yenye herufi ndogo ni mafaili mawili tofauti, ukichanganya usimlaumu mtu. Programu usiziokote ovyo mtandaoni, chukua kwenye ghala la mfumo wenyewe. Ukifuta kwa kipanya, kitu kinakwenda kapuni. Ukifuta kwa amri ya kuandika, hakuna kapu, kuna kilio.

Alhamisi binti alimuuliza maswali sitini. Aliyajibu yote.

"Mama, umeshaiva. Ishirini na tano utazipata hata ukiwa usingizini."

"Ishirini na tano zitanisaidia nini? Sitaki kubahatisha hata swali moja."

"Huyo mkurugenzi amekulisha nini mpaka ujitese hivi?"

"Miaka kumi na tisa," alisema, akafunua ukurasa mwingine.

Ijumaa mkurugenzi alipita nyuma ya viti, akainama sikioni kwake. "Usiniangushe, mama. Ukiondoka mlangoni pangu nitapotea hata njia ya msalani." Hakuwa anatania. Jasho lilikuwa limemtoka kuliko watahiniwa wenyewe.

Dereva alifumba macho, akabonyeza kweli na si kweli kama alivyojaliwa, akatoka kuvuta sigara. Mama Faili alimaliza wa mwisho, akarudia kupitia majibu yake taratibu, moja baada ya jingine.

Mashine ilisahihisha papo hapo na mkufunzi akasoma. Mhasibu, ishirini na sita, akamkumbatia mkufunzi bila kuulizwa. Dereva, ishirini na moja, atarudia. Kisha mkufunzi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Katibu muhtasi. Sifuri."

Hata dereva hakucheka. Mkurugenzi alisema mashine imelewa. Ikasahihishwa upya kwa mkono, sifuri ikabaki palepale. Mkurugenzi akalitazama tangazo lake mlangoni, akawatazama wafanyakazi wote waliokuwa wakimtazama, akairudisha kalamu nyekundu mfukoni.

Mhasibu alilia kwa niaba ya mwenzake. Mama Faili alikusanya kikombe, kandambili na daftari, akakataa kusindikizwa. Simu ya mezani ikaanza kulia. Aliipita ikilia.

Chini ya ngazi, mtunza nyaraka alikuwa amepangusa kiti cha pili na kumimina chai vikombe viwili. Alimfungulia mlango, akaufunga nyuma yake.

"Ulikuwa mgumu?"

"La kumi na saba nusura liniharibie hesabu," Mama Faili alisema, akivua viatu. "Nilikuwa nimelijibu sawasawa. Ikabidi nirudi nilikosee."