Mashine Inampigia Mkeo

Siku hizi ukinunua mchezo wa video wa watu wazima supamaketi, mashine ya kaunta humpigia mwenzi wako kuomba ruhusa, na simu hiyo haipunguzwi sauti. Keshia Zuhra aliipenda sheria hiyo kuliko mshahara.

“Mkeo kakataa, mzee!” alimpazia sauti Mzee Kilango. “Rudisha uchafu wako rafuni.”

“Mwanangu, macho makavu hivyo?”

“Mwenye macho makavu ni nani, mimi au wewe?”

Foleni ikaangua kicheko. Mara simu ikanguruma mfukoni mwa Zuhra: “Bi Zuhra, mumeo yuko tawi letu la Tegeta na mchezo wa watu wazima. Unamruhusu?”

Kicheko kikakatika. Mzee Kilango akaegemea kaunta.

“Haya, jibu, mwanangu. Tunakusikiliza.”