Uzi wa Hafsa

Ubaoni nilikuwa nimeandika lengo la somo kwa herufi kubwa: mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi wa kidato cha tatu aweze kupima umbali kwenye ramani. Kwa urefu wa njia ya zamani ya misafara iliyochorwa humo nilitarajia jibu moja tu, kilomita sita, kama lilivyo kwenye andalio langu.

Madaftari thelathini na tisa yalikuwa na sita. La Hafsa lilikuwa na nane na nusu.

"Njia ya misafara umeipimaje wewe?" nikamuuliza kwa ukali.

"Kwa uzi, mwalimu." Akauinua: uzi mweusi wa cherehani ya baba yake, uliotiwa fundo pale njia inapoishia.

"Skeli imeandikwa pale juu, sentimita moja ni nusu kilomita. Hukuiona?"

"Nimeiona. Lakini njia hiyo naipita kwa miguu kila Jumamosi, kutoka Kanyenye hadi kwa bibi. Inazidi sita." Akaulaza uzi juu ya mstari wa skeli uliochorwa chini ya ramani. Fundo likaangukia nane na nusu. "Ramani imepunguzwa kwenye fotokopi, mwalimu. Mstari umepungua pamoja nayo. Yale maandishi yamebaki yaleyale."

Kopi niliitoa mimi mwenyewe, nikaipunguza ili ienee kwenye karatasi ndogo.

Hafsa hakuinamisha macho, nami nikajikuta natabasamu kama mzazi kwenye mahafali.

Nikafungua kalamu nyekundu, nikaanza na andalio langu.