Magauni ya Nasra

Miezi mitatu mfululizo, nesi Mwatabu aliandika kwenye kadi ya Nasra, binti wa miaka minane wa makao ya watoto: uzito unaongezeka vizuri. Leo joto lilizidi.

"Vua sweta, mwanangu, ndipo upande mizani."

Chini ya sweta palikuwa na gauni. Chini yake jingine, na jingine. Alipobaki na la tano, mikono yake ilikuwa kama vijiti. Mwatabu alishika mdomo.

"Nguo zote hizi za nini?"

"Kule makao ya kwanza, gari lilikuja kunichukua shuleni, likanileta huku moja kwa moja. Sikurudi kuchukua kitu, nesi."

Nje, honi ililia. Nasra alishuka mizani haraka, akaanza kuvaa upya, gauni juu ya gauni, bila kuuliza gari la nani.