Nyumba Isiyo na Kufuli

Kitu cha kwanza alichokitafuta Priska kilikuwa kufuli. Alitazama geti, akatazama mlango wa mbele, kisha milango ya vyumba kwenye korido. Hakuona hata komeo.

"Hapa hatufungi mtu," alisema Restuta, msimamizi wa kituo, aliyemwona anavyokagua.

Kituo kilikuwa Miyuji, nyumba ya kawaida tu, ya watu wazima ambao ndugu zao wameshindwa kuwatunza. Kule alikokuwa mwanzo Ignas, kaka wa mume wake, walimfunga kitandani kwa vipande vya kanga. Ndiyo maana mama mkwe, ambaye miguu imemvimba na hawezi safari, alimtuma Priska kutoka Hombolo akajionee kwa macho. Priska alikuwa ameolewa juzijuzi, shemeji yake huyo ameshaondoka nyumbani, hawakuwahi kuonana. Pakiwa pabaya, Ignas angerudi, na wa kumwogesha na kumfulia angekuwa yeye. Hakujidanganya. Alitaka pawe pazuri.

Chumba cha Ignas kilikuwa cha mwisho. Mlango ulikuwa wazi kabisa, umewekewa tofali usijifunge kwa upepo. Alikuwa amesimama ndani, mwanaume mrefu mwenye shati safi, vidole vya miguu vikigusa kizingiti.

"Shemeji, habari za hapa?"

"Hodi," alisema Ignas, bila kumtazama.

"Neno lake ni hilo moja," alisema Restuta. "Wengi wenye usonji wako hivyo, wanashika neno wanalirudia. Asubuhi mpaka jioni, hodi, hodi. Ukianza kumjibu hutamaliza, kwa hiyo tunamwacha."

Priska akampita, akaingia. Chumba kilinuka mkojo kidogo. Pembeni palikuwa na ndoo, na juu ya stuli sahani yenye ukoko wa ugali.

"Choo ni hicho hapo mbele, ila yeye anapenda ndoo," alisema Restuta. "Na chakula tunamletea humu. Wenzake wanakula uani, yeye hapendi watu. Lakini hana fujo hata kidogo. Alikuja amekauka na jua, sasa mwone alivyo mweupe."

Kweli alikuwa mweupe, na nyayo zake laini kama za mtoto mchanga. Priska alitoa zabibu alizotumwa na mama mkwe. Ignas akazila mojamoja, kimya, akiangalia korido. Priska alisubiri huruma imjie, haikuja. Alichosikia ni uchovu tu, na nafuu kidogo.

Alipoaga, Ignas alimfuata mpaka mlangoni, akasimama. Priska akaona ni adabu, anamsindikiza mgeni.

"Hodi," alisema Ignas.

"Haya, shemeji. Baki salama."

Hombolo alimkuta mama mkwe amekaa mkekani, anachambua mlenda kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umemwona?"

"Nimemwona. Ni pazuri, mama." Priska alivua viatu, akakaa. Alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Hawafungi mtu. Mlango wake uko wazi mchana kutwa, wameuwekea na tofali. Ametulia mwenyewe chumbani, amekuwa mweupe."

Mkono wa mama mkwe ulisimama juu ya majani.

"Hodi bado anasema?"

"Siku nzima. Wameshamzoea."

Mama mkwe aliuweka ungo chini. Alisema taratibu, kama mtu anayeelekeza njia.

"Nilimfundisha mimi. Alikuwa mdogo, anaingia tu nyumba za watu, wanampiga. Nikamwambia asivuke mlango wowote mpaka asikie karibu. Akalishika. Hata kwenda chooni, hata kutoka uani kuota jua, mpaka mimi nimwitikie."

Akamtazama Priska.

"Huko, karibu anaambiwa na nani?"