Muhuri wa Usalama

Katika miaka hiyo, chakula cha pakiti kilichopigwa muhuri wa usalama hakikuweza kumdhuru mtu. Ndivyo sheria ilivyosema. Aliyekila akaugua aliandikwa kuwa ana hofu, na aliyeandikwa mara tatu alipelekwa Nyumba ya Utulivu.

Tunu, mshonaji wa Tanga, alikuwa na ugonjwa wa siliaki. Hata chembe ya gluteni, ile protini ya ngano, ilimvuruga tumbo. Alikwisha kuandikwa mara mbili. Asubuhi hiyo alikula biskuti za muhogo zenye muhuri wa "hazina gluteni", na kabla chai haijapoa, tumbo likaanza kumsokota. Hakuguna, maana kinasa sauti cha ukutani kilisikia kila kitu.

"Zimekudhuru?" mumewe, Makame, akauliza kwa midomo tu.

Tunu akaitikia kwa kichwa, akaendelea kushona pindo huku jasho likimtoka.

Mara Saida, binti yao wa miaka sita, akatoka jikoni amejikunja, pakiti ileile mkononi.

"Mama, tumbo! Linaniuma!"

Kinasa sauti kikawaka taa. "Nani analalamika?" kikauliza kwa upole.

Tunu akamvuta mtoto kifuani, akamziba mdomo taratibu.

"Ni mimi," akasema. "Mtoto ananiiga tu."

"Ahsante, Tunu. Tafadhali usitoke nyumbani."

Makame akaingia chumbani, akarudi na kanga mbili za mkewe, akaanza kuzikunja na kuzitia mkobani. Saida akatapika mapajani mwa mama yake, bila kutoa sauti.