Mwanya wa Meno ya Juu

Kufikia Ijumaa Byukusenge alikuwa ameshachekesha wanawake kumi na mmoja wa mtaa, na mwenye mwanya hakuonekana.

Si kazi ndogo kuchekesha watu wazima mchana kweupe, hasa kwa mtu asiye na utani. Kwa muuza nyanya alijifanya ameteleza kwenye matope. Kwa mke wa fundi cherehani alimwigiza padri anayepiga chafya katikati ya mahubiri. Kila aliyefungua kinywa, Byukusenge aliinama akamchungulia meno kama mnunuzi wa mbuzi. Falone, mjane wa kutoka Bihambwe ambaye Byukusenge alimshuku kuliko wote, alicheka mpaka akashika mbavu. Meno yake yalikuwa yamebanana, hata uzi usingepita.

Mambo yalianzia kwenye koti la baba yake. Jumatatu, akitaka kulifua, alikuta karatasi mfukoni, na mwandiko ulikuwa wa mzee Sebahire mwenyewe:

"Shingo ndefu, macho makubwa, mwendo wa asiye na haraka. Ukipita kando ya uzio wangu, nasahau nilichokuwa nasema. Na ule mwanya wa meno yako ya juu, mpenzi, ndio unaoniua."

Mama yake alikuwa na miaka minne kaburini kule Kirolirwe. Tangu walipokimbilia Mweso, Byukusenge ndiye aliyeshika nyumba: ufunguo, chumvi, hata saa ya baba kulala. Wanawake wawili waliokuja na maziwa kumjulia hali mzee walirudi na maziwa yao. Alimpenda baba yake, na aliogopa. Hakutaka kuamka asubuhi moja akute mtu mwingine ameketi kwenye kigoda cha mama yake, anamwuliza yeye atahama lini.

Wa kushukiwa hawakukosekana, maana mtaa ule ulikuwa mchanganyiko wa kila aliyekimbia vita: wafugaji wa Kirolirwe, wakulima wa Bihambwe, wawindaji wa Walikale. Mara moja kwa mwezi, Jumapili baada ya misa, walikutana kwenye ukumbi wa parokia kusomeana mashairi, kila mmoja kwa lugha ya kwao, kisha kwa Kiswahili ili jirani asiachwe nje. Na safari hii Sebahire, ambaye hakuwahi kusoma hadharani hata tangazo la kikao, alikuwa amejiandikisha.

"Atamutaja mbele ya watu," Byukusenge alimwambia mzee Ngabo, mchunga ng'ombe wa zamani aliyeishi mlango wa pili. "Na mi nitasimama palepale, nimufezeheshe uyo mwanamuke mpaka arudie kwao."

"Wanawake bote umewaangalia?"

"Bote. Inabakia tu Mama Annonciata."

Wakatazamana, wakatikisa vichwa. Annonciata wa Walikale, binti wa mwindaji na mkubwa wa juri, waamuzi wa mashairi, alikuwa mwanamke wa kukaza uso. Hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Byukusenge hakutaka hata kupoteza muda wake.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Sebahire akapanda jukwaani, koti limepigwa pasi, karatasi mkononi. Byukusenge alikuwa ameshanyanyuka nusu kutoka kwenye benchi.

"Hii niliandikia Bihogo," mzee akasema. "Ng'ombe yangu. Njo ile nilimuacha Kirolirwe siku ya kukimbia."

Ukumbi ukaguna kwa huruma. Mfugaji kumsifu ng'ombe wake kwa jina, na kumlilia, hilo mtaa mzima ulikuwa umeshalizoea. Byukusenge akarudi kwenye benchi. Shingo ndefu, macho makubwa, uzio! Wiki nzima amejigaragaza kwenye matope kwa ajili ya ng'ombe. Aibu ilimwunguza masikio, na chini ya aibu kulikuwa na furaha ambayo hakuweza kuificha.

Sebahire akasoma yote, hadi mwanya na kuuawa kwake, kwa sauti iliyokuwa ikikatika. Wakulima walifuta machozi, na wawindaji pia. Ngabo peke yake alishikwa na kikohozi, macho ameyaelekeza kwenye paa.

Byukusenge akasimama kama alivyokuwa amepanga, ila sasa alikuwa analia.

"Papa, unisamehe! Mbele ya watu bote, naapa: siku uyu Bihogo atakuja, atalala mu nyumba yetu. Mi mwenyewe nitamufungulia mulango. Na muntu asijaribu kumufukuza!"

Makofi yakatikisa mabati. Sebahire alimtazama binti yake, akakunja karatasi, akajifuta jasho. Juri haikujadiliana hata dakika mbili: mzee ndiye wa kwanza, na zawadi ni jibini nzima ya Masisi.

Watu walipoanza kutoka, Ngabo alimvuta Byukusenge pembeni.

"Binti, we ni mutoto wa mufugaji. Ng'ombe iko na meno ya mbele huku juu tangu siku gani?"

Byukusenge akageuka kumtafuta baba yake. Mkono ukamgusa begani. Alikuwa Mama Annonciata, amepakata jibini ya mshindi kifuani.

"Mwanangu," akauliza kwa upole, "uyo mulango, unaufungula leo ao kesho?"

Kisha akacheka, mwanya wote nje.