Sangara Aliyempa Pole Samaki wa Mti

Siku hiyo bwawa zima lilimwona Sangara akikipa pole kipande cha mti. Mvuvi alikuwa ametupa samaki wa bandia, mwenye kidomo cha bati kinachomzamisha kidogo tu chini ya uso wa maji, akawa anapita akiyumba kama mgonjwa. Sangara, ambaye alijigamba kuwa ametembea mito saba lakini moyo wake ulikuwa laini, akamfuata. "Pole mwenzangu, niegemee." Ndoano ikampasua mdomo. Alinusurika, ila shemeji yake hakumwacha. "Shem, mgonjwa wako alikujibu nini?"

Sangara alicheka kuliko wote. Moyoni aliapa kwamba hataaibika tena.

Wiki haijaisha, samaki mwingine akapita juu juu, akiyumba vilevile. Pezi lake lilikuwa limechanwa na ndoano. "Shem, nishike! Nashindwa kuzama!" Kwazi, ndege mla samaki, alishaanza kuzunguka angani.

Sangara akawageukia wenzake. "Mnaona? Siku hizi mti wanautia hadi sauti ya shemeji yangu! Mara hii sidanganyiki."

Wakacheka naye, mpaka kucha za Kwazi zilipopasua maji na damu ikatanda.

Sangara akamgeukia Kambare, ambaye peke yake hakuwa amecheka. "Lakini aliyumba sawasawa na ule mti. Ningejuaje?"

"Ule mti haukukuita," Kambare akasema.